Nimealika Matanga Siku ya Ngoma

Kwako Bi Mwanatabu wa ukurasa wa ushauri,

Nimesema uongo wa maneno mawili, na tangu niuseme sijamwambia mtu, si dada yangu, si mwalimu wangu, hata kwenye dua zangu nimeupita kimya kimya, kwa hiyo wewe ndiwe wa kwanza kuusikia. Maneno yenyewe ni "Mama amesema". Mama hakusema. Na sasa kwa ajili ya maneno hayo, Jumatano ijayo, usiku wa kuamkia Uhuru, uani kwetu Likoni kunakuja ngoma ya lelemama na kunakuja matanga, vyote viwili kwa pamoja, na wewe ni mtu wa pwani, wajua kwamba palipo na matanga ngoma haipigwi.

Bi Mwanatabu, mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, nimemaliza shule mwezi huu, na mtaani kwetu nasifika kwa kunyamaza. Shangazi yangu husema nikiitwa huitika kwa macho. Ninaloliweza mimi ni kusoma. Mama yangu aisoma Kurani vizuri sana, na barua za herufi za Kiarabu huandika mwenyewe, lakini gazeti la herufi za Kizungu husomewa, na msomaji wake ni mimi. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana hukaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, mama na wenzake wa chama hunizunguka, nami huwasomea ukurasa wako huu, wanacheka, wanawalaani waume wa watu wasiowajua, na sauti yangu haitetemeki hata kidogo, kwa kuwa maneno si yangu.

Sasa nikwambie habari za Uhuru, maana huku kwetu hata kuku wamechangamka. Watoto wamekata bendera za karatasi wamezitungika tangu kisimani mpaka msikitini, mzee Nzai wa duka la pembeni amepaka mlango wake rangi tatu na sasa hafungi duka asije akauchafua, na mama yangu ndiye kiongozi wa chama cha lelemama kiitwacho Pambazuko, tangu mwezi wa Ramadhani uliopita hawana jingine ila mazoezi. Wamenunua kanga za sare, nyeusi na nyekundu zenye ukingo wa kijani, wamejifunza kusimama safu moja juu ya mabenchi bila benchi kulia, na usiku huo wa Uhuru wenzao wa Kisauni, ambao wanashindana nao tangu zamani za bibi zetu, watavuka feri kuja kucheza nao kwenye uani wetu. Mama hulala akihesabu hatua kwa vidole juu ya mto. Nami pia nafurahi, Bi Mwanatabu, nafurahi mpaka kifua chaniuma, hata sijui furaha yote hii naipeleka wapi.

Katika nyumba yetu kuna chumba cha uani amepanga mama mmoja wa bara, Mkikuyu, jina lake Nyambura. Kazi yake ni kupiga pasi mashuka kwenye hoteli moja ya Wazungu huko Shelly Beach, na akirudi hunukia wanga. Huku kwetu wazee hawajamaliza kubishana kuhusu mwambao na majimbo na nani mwenyeji nani mgeni, basi Nyambura hupita uani kwa adabu sana, kama mtu apitaye mbele ya watu wanaosali. Lakini chama cha mama kilipoleta zile kanga mpya, yeye mwenyewe aliwasha pasi yake ya makaa akasema leteni niwanyooshee, akazipiga pasi zote, moja moja, na hakuna aliyekumbuka kumnunulia yake.

Siku hiyo wakiwa kwenye mazoezi, Bi Kafedha, ambaye ulimi wake hauna likizo, akamwita, "Ndoo basi Nyambura, uoneshe mabega. Uhuru wenyewe si wenu nyinyi wa bara? Sisi huku twapiga makofi tu."

Wakacheka wote. Nyambura akapuliza makaa, majivu yakaruka, akasema, "Uhuru wangu walikuja wakautoa nyumbani, Bi Kafedha. Haukurudi."

"Haya, mambo ya bara tena hayo," akasema Bi Kafedha, wala hakusema kwa ubaya, "leo siku ya furaha, tusiingize kilio."

Mama akamwambia, "Kafedha, tazama pindo lako laburura chini," wakaendelea.

Jioni mama akanituma kuchukua kanga zilizobaki chumbani kwa Nyambura. Nikaliona koti la kiume limetungikwa ukutani, limenyooka kama la bwana harusi. Mimi, ambaye huwa siulizi, nikauliza.

"Koti la nani?"

"La Kariithi, mume wangu," akasema. "Hulipiga pasi kila mwisho wa mwezi. Likijikunja atalivaaje?" Kisha akacheka kidogo, akasema, "Mimi najua hatalivaa. Mkono tu ndio haujui."

Akanihadithia, Bi Mwanatabu, huku amenipa mgongo anakunja kanga. Mumewe alichukuliwa wakati wa Hali ya Hatari, akahamishwa kambi hii na kambi ile za kizuizini, mpaka mtu mmoja aliyefunguliwa akaja kumwambia kwamba amekufa, kaburi halijui, siku haijui. Hakuwa miongoni mwa wale kumi na mmoja waliopigwa wakafa Hola, ambao dunia nzima iliwasikia na hata sisi shuleni tulimwona mwalimu akisoma gazeti kisha akalikunja haraka tulipoingia. Yeye alifia mahali pengine, na jina lake halikutoka popote.

"Asubuhi walipomchukua nilikuwa nimemnunia," akasema.

"Kwa nini?"

"Alikunywa chai yote, hakunibakishia. Akapita mlangoni na maaskari, akaniita, 'Nyambura.' Mimi nikainama nikakoroga sufuria. Na sufuria haikuwa na kitu."

Nikamuuliza, walimlilia vipi. Akasema, "Kulia wapi? Siku zile watu wakikusanyika ni kosa. Nililia shambani nikipalilia, mtu aonaye adhani ni jasho. Sijakaliwa na mtu hata mmoja. Sasa huo usiku wenu mtacheza, na mcheze, mimi nitafunga mlango wangu. Si kwa chuki. Usije ukadhani ni chuki."

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka wenyewe. Nikasema, "Usifunge. Sisi tutakukalia matanga, siku hiyo hiyo, uani kwetu. Mama amesema."

Akageuka. "Mama yako? Amesema hivyo?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akanishika mikono yote miwili kwa mikono yake iliyokuwa moto bado kwa pasi, na wallahi nilitoka mle chumbani natembea kama mtu aliyepewa mabawa, na nilifika mlangoni kwetu ndipo nikajua nimefanya nini.

Tangu hapo sitambui kama nina furaha au nina homa. Kila alfajiri natoka na baba, ambaye ni mfanyakazi wa Kilindini, nambebea kopo lake la chakula mpaka njia ya feri, nasimama mpaka ageuke anione, ndipo narudi. Siku ya kwanza akaniuliza, "Wataka viatu vya Uhuru?"

"La, baba."

"Una nini basi?"

"Sina kitu."

Akamwambia rafiki yake Tsuma, "Huyu karibu ataolewa. Wakianza upole namna hii, ujue posa iko njiani." Tsuma akacheka njia nzima. Na chai nabakisha, Bi Mwanatabu, kila siku nabakisha kikombe kwenye birika, hata mama ameuliza siku hizi chai ina nini hainyweki.

Lakini jambo halikukaa pale nilipolitia. Nyambura ana rafiki wa kanisani kwao, aitwaye Jael, akaa Changamwe, ni mama mkubwa mwenye sauti ya kuita meli. Nyambura akamwambia, naye Jael akawaambia akina mama wa kwaya, na Jumapili iliyopita akavuka kuja kwetu pamoja na mwenziwe Pascalia, wakasimama uani wakiutazama huku na huku, hapa tutaweka sufuria, hapa watakaa waimbaji. Kisha akaenda moja kwa moja kwa mama yangu aliyekuwa anachambua mchele, akamwambia, "Mama, Mungu akubariki kwa moyo wako. Sikutegemea huku pwani."

Mama akadhani asifiwa kwa ngoma. Akasema, "Amin, mwenzangu, ni mambo madogo."

"Si madogo. Sisi tutakuja wengi siku hiyo."

"Njooni, karibuni, uani ni mkubwa."

"Na vyakula tutaleta."

"Mbona mwajisumbua? Haya, leteni." Alipokwenda mama akaniambia, "Wamuona yule? Watu wa bara wana adabu, hata kuja kutazama ngoma waja na chakula." Nami nilikuwa nyuma ya mlango, natamani ardhi inimeze.

Sasa shida yangu ni hii, na naomba uisome vizuri. Siogopi sana mama akatae. Naogopa akubali. Mama yangu ni mtu wa mila, mwaka jana alinyamazisha ngoma ya vugo ya harusi ya binamu yangu mwenyewe kwa sababu mtaa wa nyuma umetokea msiba wa mtu ambaye hata hatumjui jina. Nikimwambia uani mwake kuna matanga, ataiondoa ngoma, na miezi yote hiyo ya mazoezi itakwenda bure, na wa Kisauni watatutungia nyimbo za kutucheka mpaka nizeeke, na Uhuru huja mara moja tu. Na nikimwambia Nyambura kwamba mama hakusema, basi nitakuwa nimemfungia mlango kwa mkono wangu, na ule mlango sidhani utafunguka tena. Dada yangu ningemuuliza, lakini hana kifua cha siri. Nimefikiri kumwambia Jael wafanye matanga kanisani kwao Changamwe, lakini Nyambura anakaa kwetu, ni jirani yetu, na mtu hukaliwa na majirani zake. Nifanye nini? Nitumie njia gani, mimi ambaye hata kumwamkia mgeni hunichukua nusu siku?

Nakuomba kwa unyenyekevu usiandike jina langu wala mtaa wangu, wala usimwambie mtu yeyote wa huku, maana Likoni ni ndogo, na feri hubeba maneno kuliko ibebavyo watu. Hili liwe siri yako na yangu.

Ni mimi,
Mwenye Haya


BI MWANATABU AJIBU:

Mwanangu Mwenye Haya, marahaba, ingawa hukuniamkia.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili niliiweka chini nikaenda kibarazani kumtazama mume wangu, aliyekuwa amelala mdomo wazi, na ambaye nilikuwa nimemnunia tangu juzi kwa sababu ya samaki. Nikamwamsha nikampa chai. Akaniuliza kama kuna mtu amekufa. Nikamwambia wapo, lakini si leo, kunywa. Basi hilo la kumsindikiza baba yako endelea nalo hata baada ya Uhuru, na Tsuma mwache acheke.

Sasa nikukemee, maana umelitaka mwenyewe. Ulimhurumia Nyambura, ni vizuri. Lakini huruma ulimpa wewe, na mdomo ulioutumia ni wa mama yako. Kwa nini hukusema "mimi nitakukalia"? Kwa sababu uliona "mimi" haitoshi. Ungekaa naye wewe peke yako kwenye kile chumba, siku yoyote, bila chama, bila kwaya, ingekuwa matanga kamili. Kumbuka hilo ukikua. Wema usingoje kuwa na kiongozi.

Halafu waniambia hofu yako ni kwamba mama yako atakubali. Mwanangu, hebu lisome tena ulilolisema. Una mama ambaye alinyamazisha harusi ya jamaa zake kwa ajili ya maiti asiyemjua jina, nawe wamficha kama mtu anayeficha chungu moto. Mwanamke wa namna hiyo hafichwi, mwanamke wa namna hiyo hutafutwa. Na kumbuka, mlango ameshaufungua yeye mwenyewe. Jael alimwambia tutakuja wengi, akasema karibuni. Hakujua anamkaribisha nani, lakini neno limetoka, na mtu wa mila haligeuzi neno lake.

Nije kwenye fundo lenyewe. Wewe umeona matanga yakikaliwa, hujaona yakiondolewa, kwa sababu siku hiyo nyinyi wasichana huwekwa jikoni kuosha sufuria, na mambo hufanyika ndani. Ndiyo maana umekosea. Ni kweli palipo na matanga ngoma hunyamaza. Lakini hunyamaza mpaka lini? Mpaka matanga yaondolewe. Siku hiyo watu hukaa, husoma, hula, kisha mfiwa husimamishwa, huvalishwa nguo nyingine, hufukizwa udi, naye mwenyewe huwaambia majirani, nawapa ruhusa. Hapo mwenye kuolewa aolewa, mwenye ngoma aipiga.

Huyu Nyambura hahitaji kuanzishiwa matanga. Yumo matangani tangu siku aliyoletewa habari. Kila mwisho wa mwezi akiiwasha pasi kwa ajili ya lile koti, yumo matangani, peke yake, na hakuna jirani aliyekwenda kumtoa. Kilichokosekana ni kutolewa. Na hilo halikatazi ngoma ya mama yako, ndilo litakaloiruhusu.

Kwa hiyo Jumatano mchana, si usiku, akina mama wa Changamwe waje na sufuria zao, wapike pamoja na wenu, moto mmoja, na Bi Kafedha ndiye achote maji, na ayachote kimya. Chakula kikiliwa mkae. Aliye na wimbo wa kanisani aimbe, aliye na dua aombe, na mmoja akisema mwingine asikilize. Jina la Kariithi litajwe kwa sauti. Nyambura aulizwe alikuwa mtu gani, alipenda kula nini, alicheka vipi, na aachwe aseme mpaka amalize, hata kama ni habari ya chai. Msimgeuze Mwislamu, wala msimkalishe eda. Yeye ana kwao na desturi za kwao, muulizeni yeye na Jael watu wao hufanyaje, na lile koti asiliguse mtu ila mwenyewe. Jua likianza kushuka mama yako amvalishe kanga ya sare. Ndiyo, itabidi ipatikane nyingine, na kama madukani zimekwisha, basi mmoja wenu avue yake. Akishavaa, kiongozi wa Pambazuko amuombe ruhusa ya ngoma mbele ya watu wote. Akisema pigeni, pigeni mpaka Kisauni wajute kuvuka.

Wako watakaosoma haya waseme, Uhuru unaingia, Bi Mwanatabu naye atuletea vilio. Nitawajibu sasa hivi ili nisijibu barua mia. Mto Tana wamwaga maji yake katika bahari yetu hii. Hola iko huku, jimboni mwetu, si bara. Walipokufa wale watu, wengi wetu tulisema mambo ya bara hayo, tukageuza samaki upande wa pili. Nilisema hivyo mimi, na waliokuwa jikoni kwangu walinisikia. Hatuwezi kuwafufua, wala hatuna la kumpa mtu aliyekwisha zikwa. Lakini jirani yako amepanga chumba cha uani, amezipiga pasi kanga zenu zote. Huyo mnaweza kumpa. Bendera itapanda vizuri tu hata kama mchana wake watu wamelia kidogo.

Tumalizie siri yako. Umeniomba niifiche, nami sikuandika jina lako, na majina yote hapa nimeyabadilisha. Hata huyo mwenye ulimi, Kafedha si jina lake, ingawa atajijua. Mtaa nimeacha Likoni kwa kuwa feri siwezi kuihamisha. Lakini mbele ya mama yako siri hii haina kazi. Wewe mwenyewe umenionesha njia ya kuitoa: sauti yako haitetemeki pale maneno yasipokuwa yako. Vizuri. Maneno yako nimeyachapisha, sasa ni ya gazeti.

Ijumaa hii baada ya chakula, kaa juu ya kibao chako cha mbuzi kama siku zote. Wakusanyike. Soma ukurasa huu tangu juu, usiruke hata mstari, sehemu ya mchele na sehemu ya Jael uzisome polepole. Watacheka mwanzoni. Kisha watatazamana. Labda mama yako atasema, mtoto wa nani huyu asiye na haya. Usimjibu, endelea. Toka Ijumaa mpaka Jumatano ziko siku za kutosha kwa mama na binti kukosana na kupatana, tena na kutafuta kanga moja. Ukifika mstari huu, acha kusoma. Kunja gazeti, uliweke magotini, umtazame usoni. Ulisema uongo wa maneno mawili. Sema na ukweli wa maneno mawili:

"Ndimi, mama."

Na nyinyi wengine wa Likoni mnaolisoma gazeti hili tangu asubuhi, kwenye feri na kwenye maduka, najua wengine mmeshautambua huo uani. Nawaomba jambo moja. Mpaka adhana ya Alasiri ya leo, hamumjui.

Bi Mwanatabu